Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa nane na robo, Kizota,
nyuma ya gereji ya Ndahani,
juu ya benchi za kanisa zilizoletwa kuchomelewa miguu.
Waliohudhuria: kumi na tisa kati ya thelathini na mmoja.
Wengine hawakutoa udhuru.
Mimi ni katibu. Naandika yanayosemwa,
na kalamu yangu inavuja bila kuchagua neno.

Mwenyekiti akasoma barua ya Rutubika:
mtambo umelala tangu Machi,
wanga wa muhogo umepanda bei, benki inabisha hodi,
wanahisa wapendwa tunawaomba subira.
Hisa tuliyoinunua shilingi mia tano
leo hainunui andazi.

Malogo alisimama kabla hajaruhusiwa.
Magunia kumi na mawili ya mtama aliyauza Kibaigwa,
hela yote akaizika humo.
"Subira huvuta heri, sawa,
hii yetu imevuta mpaka kamba imekatika.
Tuuze, kingali kinaokoteka."

"Umuuzie nani?"
Huyo Mama Mwaluko, wa karanga, pale Majengo.
"Mnunuzi wako yuko soko hilohilo,
kabeba kapu kama lako, naye anauza.
Plastiki imepigwa marufuku, watu watabebea wapi nyanya?
Kwenye kofia?
Angojaye mvua hachomi mpini wa jembe."
Nimeandika: wajumbe walicheka.

Mwalimu Chilewa akaomba dakika mbili, akatumia kumi.
Kuoza nako ni kazi, alisema.
Kunataka joto, kunataka vijidudu, kunataka unyevu.
Joto tunalo.

Hapo Lechipya akafungua pochi
akatoa mfuko aliouzika mwenyewe kwenye mizabibu yake, Hombolo,
Julai ya mwaka juzi.
Akaukung'uta. Mchanga ukamwagikia daftari langu.
Maandishi ya kijani yalisomeka hata kwa aliyesahau miwani:
*Nitarudi udongoni ndani ya siku tisini.*

Hakuna aliyekohoa.

"Na mwingine," akasema, "nilitilia chumvi wakati wa masika.
Kufika Ihumwa, chumvi yote iko barabarani.
Huu mfuko unaoza safarini,
kaburini unakataa."

"Kilichooza ni hisa tu," akasema Malogo,
na safari hii sikuwa na kicheko cha kuandika.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono.
Wauze: tisa.
Wangoje: tisa.
Mmoja alikuwa ameinama, anapangusa mchanga kwenye daftari.

Mengineyo: Ndahani anadai elfu tano ya chai.
Kikao kikafungwa saa kumi na moja kasoro, kwa sala.

Haya mengine hayamo kwenye muhtasari.
Ng'ombe wawili wa marehemu baba,
Chenje na yule asiye na pembe,
niliwapeleka mnada wa Msalato alfajiri, mama akiwa hospitali.
Nikarudi na karatasi yenye muhuri.
Mama hajui karatasi inakamuliwaje.
Kila akiniuliza namwambia, wako malishoni.

Mfuko ulisahaulika kwenye benchi. Niliuchukua.
Nimeufukia nyuma ya jiko, pale maji ya vyombo yanapomwagwa,
na sasa simwagi tena ovyo:
ya kuoshea sufuria ya mlenda, ya kunawia, ya kusuuzia,
yote pale, kila jioni,
katika mji huu ambao dumu la maji lina bei
na jirani anahesabu yake kwa kijiti ukutani.

"Umepanda nini, katibu? Matembele?"
Nikamwambia bado hayajachipua.
Ningemwelezaje kwamba namwagilia kitu kife?

Jana nilifukua upande mmoja, kwa kijiko, taratibu,
kama mtu anayechungulia chungu cha mwenzake.
Herufi ya kwanza, ile N,
imeanza kufifia.

Au lilikuwa giza.